Usitukane Wakunga: Buibui Katika Lugha na Nyumba Zetu

Mtunzi wa Kiswahili akitaka kutuonyesha nyumba iliyohamwa, aghalabu hututajia utando wa buibui. Tando zimejaa pembeni, nasi wasomaji tunafahamu papo hapo kwamba mwenye nyumba amekufa, amehama au amekata tamaa. Mimi nami nimeifundisha taswira hii katika shule ya upili, na wanafunzi huielewa bila taabu. Hata hivyo, nikiwa mzaliwa wa ukingo wa Ziwa Victoria, nina sababu ya kuihoji.

Kwetu malaria si msamiati wa vitabuni. Mdogo wangu aliugua mara tatu kabla hajatimiza miaka mitano, na nyanya alikesha kando yake akimpepea kwa leso. Kwenye kuta za nyumba kama ile huishi kiumbe mdogo ambaye sisi tulimwita buibui tu, kama tulivyowaita wenzake wote.

Wanasayansi walimpa jina mwaka wa 2003: Evarcha culicivora. Sehemu ya pili ya jina hilo la Kilatini ina maana ya mla mbu. Hupatikana katika eneo la Ziwa Victoria, nchini Kenya na Uganda, na amechunguzwa sana huko Mbita, kwenye kituo cha taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE. Urefu wake ni kama milimita 5 tu. Hatandi utando wa kunasia mawindo. Ana macho manane, na yale mawili makubwa ya mbele humwezesha kumtambua mbu kwa mbali, kumnyemelea, kisha kumrukia.

Ajabu yake kubwa ni uteuzi wake. Mwaka wa 2005 Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walionyesha kwamba buibui huyu humpendelea mbu jike aliyekwisha kunyonya damu. Yeye mwenyewe hana uwezo wa kutoboa ngozi yetu, basi damu huipata kupitia kwa mbu. Isitoshe, wachanga wake humpendelea anofelesi, ambaye humtambua kwa jinsi anavyotua akiwa ameinua tumbo. Ikumbukwe kwamba anofelesi jike ndiye aenezaye malaria.

Wala mla mbu huyu hayuko peke yake katika kazi hiyo ya kupunguza wadudu. Mwaka wa 2017 Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer walikadiria kwamba buibui wote duniani hula kati ya tani milioni 400 na 800 za mawindo kila mwaka, wengi wa mawindo hayo wakiwa wadudu. Sidai kwamba buibui atachukua nafasi ya chandarua au ya dawa. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali. Ninachosema ni kwamba dawa tunazonyunyiza ovyo ndani ya nyumba haziulizi nani mbu na nani mla mbu.

Je, haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu sana. Litazame neno tandabui: limeunganisha kutanda na bui. Lugha yetu imemwona vyema yule atandaye. Anayewinda kwa macho na miguu, bila utando, hana jina lake mahususi katika mazungumzo yetu ya kila siku. Kisichokuwa na jina ni rahisi kukipondaponda kwa kandambili. Nasi walimu tukiendelea kumfunza mtoto wa kandokando ya ziwa kwamba buibui ni alama ya ukiwa na uzembe pekee, tutakuwa tumemfunza kumwondoa mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

Sipendekezi tuifute taswira ya kale. Inafaa, na ina historia yake. Napendekeza tuiongezee mwenzake. Wanaistilahi watupe jina la buibui mrukaji litakalokubalika, na watunzi wetu chipukizi wamwingize katika hadithi na mashairi yao akiwa kazini, ukutani, juu ya kitanda cha mtoto aliyelala.

Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ndugu msomaji, mbu wangalipo.