Kikopo cha Choo

Neno choo hutaja mahali, tena hutaja kile kiachwacho mahali hapo. Utata huo haukumfaa kijana mmoja wa Kehancha alipoulizwa mbele ya foleni, kwa sauti ya kusikika hadi langoni, kama amekuja na choo. Watu wawili watatu walicheka. Akakitia kikopo mfukoni, akapanda pikipiki, akarudi kwao bila kupimwa.

Alikuwa amehara damu kwa miezi saba. Mara nne alipewa dawa za amiba pasipo kipimo chochote. Mara nne nafuu ikaja na kutoweka. Mficha maradhi, husema wahenga, kifo humuumbua. Ila wahenga hao hawakuwahi kupanga foleni ya maabara.

Mama yake ndiye aliyemrudisha. Tabibu wa zamu, mtu wa maneno machache, aliwaeleza sababu ya haraka: amiba hai huonekana ikitambaa chini ya hadubini iwapo choo chenye kuharisha kingali kibichi, nusu saa hivi tangu kitoke. Kile kikopo kilichosafirishwa kwa pikipiki kisingemfaa mtu. Safari hii haikuonekana amiba, wala mayai ya kichocho, maradhi yasiyo mageni katika nchi zinazopakana na Ziwa Viktoria. Damu nayo ilionyesha upungufu wa hemoglobini na dalili za uvimbe mwilini, bila kusema uvimbe uko wapi.

Hapo ndipo lilipotajwa jina la Crohn, daktari wa New York ambaye mwaka 1932, pamoja na wenzake wawili, aliandika kuhusu utumbo unaovimba na kufanya vidonda kwa miaka. Kwa muda mrefu maradhi hayo yalihesabiwa kuwa nadra Afrika. Na kisichotarajiwa, nani atakitafuta? Lakini kifua kikuu cha utumbo hufanana nayo mno, hata kamera huweza kudanganyika. Kosa hapa si dogo: steroidi zinazomtuliza mgonjwa wa Crohn huweza kuvifungulia njia vijidudu vya kifua kikuu.

Kijana akapelekwa Kisumu. Baada ya usiku mzima wa dawa ya kusafisha tumbo, ambao aliuona mzito kuliko kipimo chenyewe, mrija wenye kamera ulipitishwa katika utumbo mpana wote. Vikakatwa vipande vidogo vya nyama ili vitazamwe kwa hadubini, kifua kikuu kikitafutwa kwanza.

Majibu yalipokuwa yakisubiriwa, jirani alimuuliza mama mwanawe anaumwa nini.

"Anahara damu," alijibu. "Wamempima choo, sasa wamempima utumbo."

Hakushusha sauti.