Warsha Iliyozaa Mashindano

Mtu aliyewahi kushiriki iGEM, mashindano ya kimataifa ya wanafunzi katika baiolojia sanisi, akitakiwa kuyasimulia, mara nyingi huanzia kwenye kombe. Ni tofali kubwa la alumini, mfano wa vile vipande vya plastiki ambavyo watoto huvipachika kujenga nyumba za kuchezea, na timu inayoshinda huondoka nalo. Tofali lile lina maana yake. Waasisi walitaka DNA igawike katika vipande vyenye ncha za aina moja, kila kimoja na kazi yake, ili mhandisi wa viumbe avipange kama fundi mwashi anavyopanga matofali. Lakini kombe lilikuja baadaye. Januari 2003, katika chuo cha MIT huko Massachusetts, kwenye mwezi ambao wanafunzi wa chuo hicho huruhusiwa kujifunza mambo yaliyo nje ya ratiba, kundi la wanafunzi lilikaa kubuni saketi za jeni za kumfanya bakteria awake na kuzima kwa zamu. Waliowafundisha ni Tom Knight, Drew Endy, Randy Rettberg na wenzao. Knight na Rettberg walikuwa wameshafanya kazi miaka mingi kwenye kompyuta kabla ya kugeukia seli, kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi wote walikuwa wageni wa jambo lile. Hapakuwa na kombe wala medali. Ile ilikuwa warsha. Mashindano yalifuata kiangazi cha 2004, vyuo vitano vya Marekani vilipokutana, na mwaka uliofuata timu zikawa 13, zikiwemo za nje ya nchi hiyo. Ninachotaka kukumbusha ni kwamba mabadiliko makubwa ya miaka 20 iliyofuata, ambayo wengi huyaeleza kama mashindano kuongezewa warsha na mikutano, kwa kweli ni mashindano kurudi kwenye chimbuko lake, na kwamba kurudi huko ndiko kulikoyapa thamani yake ya kudumu.

Najua neno warsha limechakaa kwetu. Limezoeleka kuwa siku mbili hotelini, bango ukutani, chai ya saa nne, karatasi ya mahudhurio na posho jioni. Ndiyo maana napenda kulirudisha mahali lilikotoka. Katika Kiarabu, tulikolichukua, warsha ni karakana: mahali pa kazi ya mikono, ambapo mwanagenzi humtazama fundi, hushika chombo, hukosea, husahihishwa, hujaribu tena. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali, na karakana ndipo amali inapopatikana. Kwa maana hiyo warsha haipimwi kwa idadi ya waliohudhuria. Hupimwa kwa kile ambacho mtu anaweza kukifanya kesho yake, ambacho jana hakukiweza. Nitaitumia maana hiyo katika hoja yangu yote, kwa sababu hata kwenye mashindano haya zipo warsha za aina zote mbili, na anayezitetea bila kuzitofautisha anajidhoofisha mwenyewe.

Kwa nini mashindano ya matofali yalihitaji karakana? Jibu limo ndani ya sahani ya plastiki. Kwa miaka mingi timu zilitumiwa sahani zenye vishimo 384, kila kishimo na DNA yake iliyokaushwa. Mwanafunzi hutoboa foili kwa ncha ya pipeti, hutia mikrolita 10 za maji, huvuta na kusukuma mara kadhaa, kisha hungoja dakika tano. Maji hugeuka mekundu, maana DNA ilikaushwa pamoja na rangi, na wekundu huo humhakikishia kwamba kilichokuwa kishimoni kimeyeyuka. Zaidi ya hapo haumwambii kitu. Kipande hicho hufanya kazi kwa nguvu gani? Kilijaribiwa ndani ya bakteria wa aina gani? Aliyekitengeneza alikwama wapi? Hazina ya vipande ilikua hadi kupita 20,000, na vingi viliwekwa na wanafunzi waliokuwa wakikimbizana na tarehe ya mwisho, maelezo yakiwa mistari michache. Januari 2010 jarida la Nature lilichapisha makala iliyotaja ugumu wa aina tano unaoikabili baiolojia sanisi, na wa kwanza ulikuwa huo huo: vipande vingi havijaelezwa ipasavyo. Vipande viligawanywa kwa posta, lakini ujuzi wa kuvitumia ulibaki mikononi na vichwani mwa walioviunda. Kilichobaki ni kuwakutanisha watu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni suala la kipimo. Maabara hupima mng'ao wa bakteria kwa mashine, na mashine hutoa namba kwa vizio vyake yenyewe, visivyolingana na vya mashine ya jirani. Ni kama soko ambalo kila mwenye duka ana kibaba chake: wote wanasema vibaba viwili, na hakuna anayejua nani kampunja nani. Kuanzia 2014 timu za iGEM zilialikwa kufanya jaribio moja kwa pamoja, kila timu kwenye maabara yake, kwa maelekezo yale yale, kisha kulinganisha namba. Kila msimu maelekezo yalirekebishwa kufuatana na makosa ya msimu uliopita. Mwaka 2018 maabara 244 zilishiriki kutafuta njia ya kukadiria idadi ya seli katika majimaji, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Communications Biology. Njia iliyoonekana bora ilikuwa nyepesi: kuchukua chembe ndogo za silika, kuzizimua hatua kwa hatua, na kuzitumia kama kibaba cha pamoja cha kuisahihisha mashine. Wanafunzi wa shahada ya kwanza, wengine wa sekondari, waliisaidia sayansi ya watu wazima kupata mizani. Kazi hiyo haikushinda kombe, na isingeweza kulishinda, kwa sababu haikuwa ya timu moja. Ilikuwa warsha iliyotandazwa duniani kote, na matunda yake yanatumika hata na wasiojua iGEM ni nini.

Mfano wa pili unahusu watu walio nje ya maabara. Mwaka 2006 timu ya Edinburgh ilibuni bakteria wa kugundua arseniki katika maji, kwa kubadilisha kiwango cha asidi ili kipimo cha kawaida kiweze kuonyesha hatari. Tatizo walilolilenga ni la kweli na zito: nchini Bangladesh mamilioni ya watu walikuwa wakinywa maji ya visima vya pampu vilivyochimbwa kuwaepusha na maradhi ya maji ya madimbwi, kumbe chini mlikuwa na sumu. Kazi ilisifiwa, na ilistahili. Lakini ilizua maswali ambayo pipeti haiyajibu. Nani atamruhusu mwanakijiji kushika bakteria aliyebadilishwa? Kifaa kikishatumika kitatupwa wapi? Mama mwenye kisima atakiamini kwa sababu gani? Mashindano yalijibu polepole, kwa kuzitaka timu zitoke kwenda kuwasikiliza watu ambao kazi yao ingewagusa, na kueleza walichokibadilisha baada ya kuwasikiliza. Mwaka 2009 timu ya Cambridge iliyoshinda kombe kwa bakteria watoao rangi ilikaa pamoja na wabunifu wawili, Alexandra Daisy Ginsberg na James King, kutafakari rangi hizo zingetumikaje katika maisha ya watu miongo ijayo, kwa heri na kwa shari. Hapo warsha haikuwa pambo la mradi. Iliingia katika mradi wenyewe.

Mikutano nayo ikabadilika sura. Mwaka 2012 iGEM ilijitenga na MIT ikawa taasisi inayojitegemea. Mwaka 2014, baada ya misimu kadhaa ya kukutana kwanza kikanda, timu zote ziliitwa pamoja Boston, katika ukumbi wa Hynes. Kati ya mawasilisho ya jukwaani na mabango ya utafiti palikuwa na warsha za usalama, za hesabu za kuiga mwenendo wa seli, za kuzungumza na jamii. Wakati huo huo timu zenyewe zilianza kuitana kabla ya siku kuu: za China zikajijengea mkutano wao, za nchi za Kaskazini mwa Ulaya wao. Ushirikiano na timu nyingine ukaingizwa katika vigezo vya medali, na hapo ndipo pingamizi la kwanza linapopata nguvu. Ushirikiano wa kutafutia medali, wasema wapinzani, si ushirikiano; na kweli ulifika wakati ambapo timu zilitumiana madodoso mengi kuliko yaliyoweza kujazwa, ili kila mmoja aandike kwamba ameshirikiana. Nakubali kosa lilikuwepo. Sikubali kwamba linaivunja hoja. Dodoso lililojazwa bila kusomwa halimbadilishi yeyote, kama vile warsha ya posho isivyombadilisha yeyote. Lakini kigezo kile kile ndicho kilichowafanya wanafunzi waliokwama wawapigie simu waliofaulu, na waliofaulu waone kwamba kusaidia si kupoteza muda wa ushindi. Dawa ya kipimo kibovu ni kukirekebisha, kwa kuuliza ni nini kilichobadilika katika kazi ya kila upande, si kuacha kupima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, ni busara kuwafundisha maelfu ya vijana kuhariri viumbe, kisha kuwakutanisha wapeane mbinu? Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, maofisa wa FBI walihudhuria mikusanyiko hii na kuzungumza na wanafunzi waziwazi. Wako walioona kuwa ni upelelezi uliovalishwa suti, na wako walioona kuwa ni kujifariji. Nadhani pande zote mbili zinapitwa na jambo moja. Maarifa haya yamo katika vitabu na majarida, na hayawezi kufungiwa kabatini. Kisichopatikana kitabuni ni mazoea ya kuuliza kabla ya kutenda. Timu hutakiwa kueleza viumbe na vipande inavyokusudia kutumia, baadhi haviguswi kabla ya ruhusa, na hairuhusiwi kuachia nje ya maabara kiumbe kilichobadilishwa. Kanuni hizo zikisomwa peke yake ni karatasi. Zikijadiliwa warshani, mbele ya mwenzako anayekuuliza kwa nini umechagua hiki na si kile, huwa tabia. Mtu aliyezoea kuulizwa hajifichi, na asiyejificha ni rahisi kumsaidia kabla hajakosea.

Kisha likaja janga la Uviko-19, likaufunga ukumbi. Mikusanyiko ya 2020 na 2021 ilifanyika kwa njia ya mtandao, video zikichukua nafasi ya jukwaa. Mtu angeweza kusema: ikiwa tuzo zilitolewa na dunia haikuanguka, ukumbi ni wa nini? Mimi nalisoma tukio hilo kinyume. Mtandao ulithibitisha kwamba hotuba haihitaji ukumbi. Uliacha wazi kwamba kinachohitaji ukumbi ni kile kingine: swali la pili na la tatu baada ya hotuba, kalamu juu ya karatasi, mtu kukuonyesha kwa mkono pale ulipokosea. Mwaka 2022 timu zilipokutana tena ana kwa ana, mara hii Paris katika viwanja vya maonyesho vya Porte de Versailles, video za kueleza miradi zilikuwa zimetangulia, na muda wa kuonana uliweza kutumika kwa maswali, vibanda na warsha. Janga halikuleta wazo hilo. Liliharakisha safari iliyokuwa imeshaanza.

Pingamizi la mwisho ndilo linalotugusa sisi zaidi, na silioni kuwa dogo. Ada ya timu ni maelfu ya dola, bado nauli, malazi na viza ambayo kijana wa Kiafrika anaweza kunyimwa siku chache kabla ya safari. Ikiwa thamani iko ukumbini, basi tumesifia karamu ambayo wengi wetu hatukualikwa. Hoja hiyo ni ya haki, na waandaaji wanapaswa kuisikia kila mwaka hadi waijibu kwa vitendo. Lakini iangaliwe vizuri, maana inaniunga mkono. Kama thamani ingekuwa kwenye kombe, mnyimwa viza angekuwa amekosa yote, kwa kuwa kombe ni moja na hukabidhiwa mahali pamoja. Warsha si moja. Ya kwanza ilifanyika katika chuo kimoja, mwezi mmoja wa likizo ya masomo, kwa walimu waliokuwa wakijifunza pamoja na wanafunzi wao. Maabara zinagharimu, mashine za kupimia zinagharimu, na sitamdanganya mtu kwamba moyo unatosha. Hata hivyo, desturi ya kumwandikia anayekuja baada yako ulichokifanya, kilichokataa na kwa nini, haihitaji viza, na inaweza kuanzia Kampala, Morogoro au Kisumu kabla ya dola ya kwanza kupatikana.

Kwa hiyo nikiyakumbuka mashindano haya, fikra zangu hazikai sana kwenye tofali la alumini. Hukaa kwenye kile kishimo kidogo katika sahani. Maji yakigeuka mekundu, mwanafunzi anajua kwamba ana kitu mkononi. Kama atakielewa au la, hilo liliamuliwa zamani na mwanafunzi mwingine asiyemjua, siku alipoamua kukaa na wenzake akaeleza vizuri alichokifanya.