Alsace, Nchi ya Mizabibu Iliyobadili Bendera Mara Nne

Mtu asafiriye kutoka Paris kwenda upande wa mashariki mwisho huifikia milima iitwayo Vosges. Akiisha kuivuka, huona uwanda mpana mbele yake, na kwa mbali mto Rhine, ambao ng'ambo yake ni Ujerumani. Nchi hiyo iliyo baina ya milima na mto ndiyo Alsace. Karibu divai yote itokayo huko ni nyeupe. Sikusudii kumshawishi mtu ye yote anywe, maana wako wasomaji ambao dini yao inawakataza. Lakini habari za Alsace ni habari za wakulima, na zafaa kujulikana.

Mawingu ya Ulaya ya magharibi hutoka bahari ya Atlantiki. Yakigonga milima ya Vosges humwaga maji yake huko juu, kisha hushuka upande wa pili yakiwa hayana kitu. Kwa hiyo vilele hupata mvua na theluji nyingi, hali mji wa Colmar, ulio chini yake, haupati hata milimita 650 za mvua kwa mwaka. Aliyewahi kulima upande wa mlima usiopata mvua ataelewa mara moja. Mizabibu imepandwa kwenye miteremko, mita 200 hadi 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mingi huelekea jua la asubuhi. Udongo nao haufanani: hapa mawe ya itale, pale chokaa, na baada ya hatua chache udongo wa mfinyanzi. Mkulima mwenye shamba dogo aweza kuwa na aina tano za mizabibu, kila moja mahali paifaapo.

Kwa desturi ya Wafaransa, chupa ya divai huandikwa jina la mahali ilikotoka. Anunuaye Chablis hana budi kujua mwenyewe kwamba imetokana na zabibu ziitwazo Chardonnay. Alsace si hivyo. Huko huandikwa jina la mzabibu, na chupa iliyoandikwa jina moja hairuhusiwi kuchanganywa na zabibu nyingine.

Jina hilo lilipatikana kwa taabu. Mtu aliyezaliwa Alsace mwaka 1870 na kuishi hata 1945 alizaliwa Mfaransa, akafanywa Mjerumani mwaka 1871, akawa Mfaransa tena mwaka 1918, Mjerumani mwaka 1940, kisha Mfaransa, na pengine hakupata kuhama kijiji chake. Wakati wa utawala wa kwanza wa Wajerumani divai nyingi ya Alsace iliuzwa kwa bei rahisi ili kuchanganywa na nyingine. Baada ya 1918 wanunuzi wale walipotea, na Ufaransa ya kusini ilikuwa na divai rahisi tele, isiyoweza kushindwa kwa bei. Basi wakulima wakaanza kung'oa mizabibu duni ya uwandani iliyozaa sana, wakapanda iliyo bora kwenye miteremko. Si jambo dogo hilo, maana mche mpya hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuleta mavuno ya maana.

Kazi hiyo haijakwisha, vita vikaja. Tangu mwaka 1942 vijana wapatao 100,000 wa Alsace waliandikishwa kwa nguvu katika majeshi ya Ujerumani. Katika mapigano ya Desemba 1944 vijiji vya Bennwihr, Ammerschwihr na Sigolsheim viliteketea karibu vyote. Juu ya kilima cha Sigolsheim, katikati ya mizabibu, yako makaburi ya askari zaidi ya 1,500 wa jeshi la Ufaransa. Karibu nusu yao ni watu wa Afrika ya Kaskazini, na makaburi ya Waislamu yameelekezwa Makka. Wavunao zabibu huko chini huyaona wainuapo vichwa.

Watu walijenga upya, wakapanda upya. Mwaka 1962 serikali ikalilinda jina la Alsace kwa sheria kamili ya divai zenye asili maalumu, na tangu 1972 divai hiyo sharti itiwe chupani humo humo Alsace, katika chupa ndefu nyembamba.

Mzabibu unaosifiwa kuliko yote ni Riesling. Hukawia kuiva, na divai yake ni kavu yenye uchachu safi. Ikitunzwa vizuri hudumu miaka mingi. Gewurztraminer una ngozi ya rangi ya waridi, na harufu yake pia ni ya waridi. Neno Gewürz kwa Kijerumani maana yake kiungo. Muscat hunuka kama tunda lenyewe, jambo ambalo ni adimu kuliko mtu adhaniavyo. Wa nne ni Pinot Gris, nao ulikuwa na kesi ya jina. Kwa miaka mingi uliitwa Tokay, kwa sababu ya hadithi kwamba jemadari Lazarus von Schwendi aliuleta kutoka Hungaria katika karne ya 16. Sanamu yake iko Colmar, ameinua mzabibu mkononi; aliyeichonga ni Bartholdi, yule wa sanamu ya Uhuru ya New York. Hadithi ni nzuri, ila divai ya Tokaj ya Hungaria hutengenezwa hasa kwa mzabibu mwingine, Furmint. Wahungaria walidai jina lao, na tangu 2007 Alsace haina ruhusa ya kulitumia.

Mizabibu hiyo minne ndiyo iliyoruhusiwa katika mashamba yaliyopewa daraja ya juu, ambayo sasa ni 51. Sylvaner, mzabibu wa watu wa kawaida uliokuwa umeenea sana zamani, uliachwa nje. Lakini wakulima wa Mittelbergheim walikuwa nao katika kilima cha Zotzenberg, wakashikilia kwamba pale hutoa divai isiyopungua nyingine. Katika miaka ya 2000 walikubaliwa, na Sylvaner wa kilima hicho huandikwa jina lake pamoja na daraja hiyo.