Wembe Mmoja, Kichwa Kimoja



 Mwaka huu tumeombwa tuandike juu ya usafi, na tumeona tusirudie yale ya mswaki na kucha ambayo wanafunzi wetu wanayajua kwa moyo. Tutaandika juu ya wembe. Na hapa tunakusudia wembe unaotiwa katika mashine ndogo ya chuma yenye mpini, mtu akajinyoa mwenyewe kwa maji na sabuni. Wazee wetu waliijua vyema mashine hii. Baadhi ya vijana walipoiona mikononi mwetu kwa mara ya kwanza walidhani ni kifaa cha fundi bomba.

Waliowahi kukaa dakhalia wanaijua Alhamisi ya kunyoana. Baada ya swala ya alasiri wanafunzi hutoka uani na ndoo ya maji, mmoja hukaa juu ya kigoda, mwenzake humpaka sabuni ya kufulia kichwani na kumnyoa kwa wembe ulioshikwa kwa vidole au uliobanwa kwenye kitana. Akimaliza huuchovya wembe ndani ya ndoo, na wa pili hukaa. Wembe mmoja uliweza kupita vichwa vinne au vitano, kisha ukawekwa dirishani kungojea Alhamisi nyingine. Hapakuwa na nia mbaya. Mfuko wa mwanafunzi ni mwepesi, na kumnyoa mwenzako ni ihsani.

Kisha ustadh mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa tuyaeleze haya bila ya jina lake, alikwenda hospitali kumtolea damu jamaa yake. Damu ilipopimwa akaambiwa kuwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Yeye mwenyewe hakuwa na dalili yoyote. Habari za watu hazikai ndani, na hii nayo ilitoka. Siku ya pili, chano cha wali kilipowekwa, wanafunzi wawili walikuja na sahani zao. Wiki iliyofuata sahani zikawa sita. Hakuna aliyesema neno. Ustadh alikula upande wake wa chano, na upande wa pili ulibaki wali mzima haujaguswa.

Na Alhamisi hiyo hiyo wembe ulizunguka uani kama kawaida yake.

Tulikwenda kwa daktari ili tusizungumze kwa kudhani. Alitueleza kwamba virusi hivi hukaa katika damu na majimaji ya mwili. Huambukizwa kwa damu, na mama huweza kumpa mtoto wakati wa kuzaa, na mume na mke huweza kupeana. Haviambukizwi kwa kula chano kimoja, wala kupeana mkono, wala kunywea kikombe kimoja. Lakini wembe ni mlango ulio wazi, kwa sababu hukata ngozi hata pale ambapo jicho halioni damu. Kisha akasema jambo lililotunyamazisha: virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba na zaidi, navyo bado vina uwezo wa kuambukiza. Kutoka Alhamisi hadi Alhamisi ni siku ngapi? Ule wembe wa dirishani haukuwa ukilala siku za kutosha.

Tuliporudi tukamweleza ustadh. Alicheka kidogo, akasema, "Maalim, chakula wanakiogopa, wembe hawauogopi." Wapi aliupata ugonjwa huu hapana awezaye kusema. Wengi katika nchi zetu huupata utotoni. Yeye anahudhuria hospitali kwa vipimo, na sisi tukawapeleka vijana wakapimwe. Asiyekuwa nao huweza kuchanjwa, na kwa mtu mzima kwa kawaida chanjo ni sindano tatu.

Lakini kumwambia kijana aache kuchangia wembe bila ya kumfundisha kujinyoa ni kumpa nusu ya maneno. Kisogo chake hakioni, atajikata, na wiki ya pili atarudi kwenye kigoda. Kwa hiyo tulianza kujifunza wenyewe. Tulimwendea mzee mmoja jirani wa msikiti ambaye amejinyoa kwa mashine ile ile tangu ujana wake. Tunakumbuka umeme ulipokatika Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati huo sisi tukiwa wanafunzi, vinyozi wasio na jenereta walikuwa wakikaa nje ya maduka yao wakipunga upepo, na mzee yule akipita na kichwa kinachong'aa.

"Karibuni wanangu," alitwambia, "lakini nyinyi watu wa siku hizi mna mikono mizito. Mnakandamiza."

Hilo ndilo somo lenyewe, na mengine yote ni maelezo yake. Mashine ya chuma ina uzito wake, na uzito huo unatosha. Mwenye kukandamiza huilazimisha ngozi ijae chini ya makali, na hapo ndipo damu hutoka. Mpini hushikwa kwa ncha za vidole, kama mtu anavyoshika kalamu ya kuandikia khati. Kichwa cha mashine hulazwa juu ya ngozi, kisha mpini huteremshwa kidogo kidogo mpaka makali yaguse. Kipimo kinachotajwa sana ni mwinamo wa nyuzi 30 hivi baina ya wembe na ngozi, lakini sikio ni mwalimu mzuri kuliko kipimo: ukisikia sauti ndogo kama mchanga unaokwaruzwa, umepata. Ukiwa husikii kitu, makali hayajagusa.

Kabla ya hayo kuna maji. Nywele kavu ni ngumu, na nywele iliyolowa kwa maji ya vuguvugu dakika mbili tatu hulainika, ndiyo maana mzee hunyoa baada ya kuoga na si kabla. Sabuni ya kufulia aliikataa kabisa. Huchukua brashi yenye nywele laini, akaizungusha juu ya sabuni ya kunyolea katika kikombe mpaka povu liwe zito kama la yai lililopigwa, halafu hulipaka kwa kuzungusha ili nywele zisimame. Asiye na brashi atumie vidole, ila azidishe subira.

Kisha mtu aujue mwelekeo wa nywele zake. Pitisha kiganja kichwani: upande unaoteleza ndio zinakolala nywele, upande unaokwaruza ni kinyume chake. Utosini huzunguka kama maji yanayoingia shimoni, na kila mtu ana mzunguko wake. Mkono wa kushoto huivuta ngozi, wa kulia hunyoa kwa hatua fupi, kila hatua upana wa vidole viwili, kisha mashine husuuzwa. Kisogoni ambapo macho hayafiki, vidole vya mkono wa kushoto hutangulia na mashine hufuata nyuma yao. Wiki za mwanzo kisogo kilitutoa jasho. Mzee alikuwa amekaa barazani na kahawa yake, anasikiliza sauti tu, na kila tulipokandamiza alisema "Mkono!" bila ya kugeuza uso.

Hapa wanafunzi huuliza juu ya vipele. Nywele zetu nyingi zimejikunja, na nywele iliyojikunja ikikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake kali hurudi na kujichoma ndani, ikawa kipele. Wenye kunyoa kinyume cha nywele wapate ulaini hupata ulaini wa siku moja na vipele vya wiki. Vile vile vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe tatu au nne kwa pamoja: makali ya mbele huvuta nywele, ya nyuma huikata chini ya ngozi. Wembe mmoja, unaokwenda kwa mwelekeo wa nywele, unawafaa wengi wetu zaidi. Mwenye uvimbe mgumu kisogoni usioondoka aache wembe kabisa na amuone daktari wa ngozi.

Mashine hii ina historia yake, tuitaje kwa ufupi kwa wapendao mambo hayo. Mmarekani King Camp Gillette ndiye aliyepata fikra ya wembe mwembamba wa kutumia na kutupa, na mwaka 1903, wa mwanzo wa biashara yake, aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata alipata hataza yake, na mashine zilizouzwa zilipita 90,000. Umbo lake halikubadilika sana tangu wakati huo: kifuniko, kitako na mpini, na wembe katikati. Kwa hivyo mashine ya babu iliyomo sandukuni, ikisafishwa vizuri, bado hupokea wembe wa dukani leo.

Upande wa fiqhi hatutaki kurefusha. Kunyoa kichwa si wajibu nje ya ibada ya Hija na Umra, na hata humo mwanamume huweza kupunguza, ingawa Mtume (S.A.W.) aliwaombea wanaonyoa mara tatu na wanaopunguza mara moja. Kuanza upande wa kulia ndiko kulikothibiti kwake. Kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu kumekatazwa katika hadithi ya Ibn Umar, na vijana wetu wenye viduku wanajua tunawasema wao. Nywele za sehemu za siri zina mpaka wa siku arobaini, kama alivyosimulia Anas bin Malik. Huko pia, tena huko zaidi, wembe si wa kuazimana. Ama ndevu, zina mlango wake, na darasa la juu wameusoma.

Wazazi wanaojiandaa kwenda Makka wachukue nyembe zao, na wazitie katika begi linalopakiwa chini ya ndege, si la mkononi. Akikunyoa kinyozi, muone akifungua wembe mpya mbele yako. Na kina mama, siku ya saba ya mtoto, anyolewe na mwenye mkono uliozoea, kwa wembe uliofunguliwa hapo hapo. Wakiwa mapacha, nyembe ziwe mbili.

Kitu kimoja kinachosahauliwa ni shabu. Mzee hulilowesha jiwe la shabu na kulipitisha kichwani baada ya kusuuza kwa maji baridi. Hukaza ngozi na kuzuia vijidamu. Ni dawa nzuri na rahisi. Lakini jiwe linalogusa damu ya huyu haliwi la yule, na wengi walioacha kuchangia wembe tuliwakuta bado wanachangia shabu.

Sasa kila mwanafunzi wa dakhalia anayenyoa ana mashine yake, imefungwa uzi wa rangi yake mpinini, na wembe hubadilishwa baada ya kunyoa mara tatu au nne. Nyembe zilizotumika hazitupwi jaani wanakopita watoto na wazoa taka. Zinatiwa katika kopo la maziwa lililotobolewa mwanya kifunikoni, na likijaa hupelekwa hospitali likachomwe pamoja na sindano. Msimamizi wa Alhamisi ni yule ustadh mwenzetu. Anasimama mlangoni na kopo lake, kila anayemaliza anatumbukiza mwenyewe. Wali umerudi kuwa wa chano kimoja, ingawa wawili bado huja na sahani zao.

Mzazi anayetaka kijana wake afundishwe amlete Alhamisi baada ya alasiri, na mashine yake, pakiti ya nyembe na taulo. Maji na sabuni vipo.

Wabillahi tawfiq.