Vitshumbi: Bustani yenye mikono ya kubebea

Ni asubuhi Vitshumbi, kando ya kusini ya Ziwa Edouard, wilayani Rutshuru. Mama mmoja mhami anamwagilia lengalenga nyuma ya nyumba ya ndugu za mume wake, waliompokea. Kule alikotoka alikuwa na shamba. Hapa hana hata jembe.

Kijiji hiki cha wavuvi kiko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Samaki wapo, lakini kulima mashamba hifadhini ni marufuku. Mboga nyingi huletwa kwa barabara. Vita vikiifunga, watoto wanabaki kula bugali na samaki tu.

Mama huyo alianza na bidoni za mafuta ya kupikia, za litri 5. Alizikata upande mmoja, akaacha mkono wa kushikia, kisha akatoboa matundu chini kwa msumari wa moto. Bidoni iliyobeba petroli au dawa ya wadudu haitumii kamwe. Ndani anatia udongo, mavi makavu ya mbuzi na majivu kidogo.

Cha kumwagilia ni chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko. Uzio ni wavu mkuukuu aliopewa na mvuvi. Unazuia kuku na mbuzi. Kiboko haumzuii, naye hupita kijijini usiku akitafuta majani. Kwa hiyo jioni bidoni zote zinaingia ndani.

Urembo nao haukusahauliwa. Rangi ya bluu na nyekundu iliyobaki baada ya kupaka mtumbwi walipewa watoto, kila mmoja akapaka bidoni yake. Tangu siku hiyo hawangoji kukumbushwa kumwagilia.

Maji wanachota ziwani kukiwa na mwanga, tena wakiwa wengi. Kwa kuogopa kipindupindu, mboga haziliwi mbichi. Zinapikwa mpaka ziive kabisa.

Jirani alimuuliza kwa nini asipande ndani ya magunia makubwa, ambayo yangempa mboga nyingi zaidi.

“Gunia nitaliacha, mama,” alijibu. “Bidoni hata mtoto anaibeba.”

Alipokimbia mara ya kwanza, vitunguu vyake vilibaki ardhini, vikiwa karibu kuvunwa. Lengalenga haichelewi hivyo: wiki tatu au nne anakata majani, anaacha shina lichipue tena. Wiki hii amekata mara ya pili.