Ua la Chunguni na Ua la Ziwani

Kupenda maua si upuuzi, ingawa wako watu wasemao hivyo. Katika mji wa Kisumu, ambako kila shibiri ya ardhi yaweza kuotesha sukuma wiki au mhindi, mtu apandaye ua huulizwa mara kwa mara, "Linaliwa?" Swali hilo lina haki yake. Njaa ni hakimu mkali, na ua halitiwi mezani pamoja na ugali. Lakini jicho nalo lina njaa yake, na njaa hiyo isiposhibishwa moyo hukonda. Mimi nimelijibu swali hilo kwa kupanda maua yangu katika vyungu barazani, mahali ambapo hapana mboga iliyonyang'anywa nafasi yake.

Ua nilipendalo kuliko mengine ni klivia. Majani yake ni marefu, mazito, ya kijani kilichoiva, nayo hutoka huku na huku kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Katikati yake huchomoza bua moja, na juu ya bua hilo hukusanyika maua mengi ya rangi ya machungwa, yenye manjano kooni. Asili yake ni misitu ya mashariki ya Afrika Kusini, ambako huota chini ya miti mikubwa, katika kivuli na majani yaliyooza. Lilichukuliwa likapelekwa Uingereza, na mwaka wa 1828 mtaalamu wa mimea John Lindley akalipa jina kwa heshima ya ukoo wa bibi mmoja mwenye cheo, Charlotte Clive wa Northumberland. Ua la Afrika likapata jina la Kiingereza, lakini tabia yake haikubadilika hata kidogo.

Tabia hiyo ndiyo mwalimu wa mpandaji. Kwa kuwa klivia ni mtoto wa msitu, jua la Kisumu la saa saba huyababua majani yake. Hutaka kivuli cha baraza na mwanga wa asubuhi tu. Chungu changu ni cha udongo uliochomwa, kama vile ambavyo akina mama wa Nyanza wamevifinyanga tangu zamani kwa ajili ya maji na mapishi, na ambavyo Waluo huviita agulu. Sufuria na madumu ya plastiki yamevipunguzia vyungu hivyo kazi nyingi, lakini kwa ua bado ni bora, maana udongo uliochomwa hupitisha hewa na unyevu. Kitakiwacho ni kukitoboa tundu chini ili maji yapate njia.

Udongo mweusi wa uwanda wa Kano haufai peke yake. Ukilowa hunata kama gundi, ukikauka hupasuka. Mimi huchanganya mchanga wa mtoni, samadi iliyooza, na maganda ya mpunga, ambayo hayakosekani kwa wakulima wa Ahero. Mizizi ya klivia ni minene na yenye maji ndani yake, kwa hiyo huoza upesi ikikaa katika tope. Hunywesha wakati udongo wa juu umekwisha kukauka, wala si kabla. Wengi huyaua maua yao kwa ukarimu wa maji kuliko kwa uchoyo.

Jambo la ajabu ni kuwa ua hili hupenda kubanwa. Mizizi ijazapo chungu ndipo mmea huelekea kuchanua. Ukihamishwa kila mara katika vyungu vikubwa hutoa majani tu. Tena halina haraka. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza yaweza kupita miaka mitatu hadi mitano. Baridi ya usiku hulisaidia kufanya bua, na Kisumu, iliyo mita zipatazo 1,130 juu ya bahari, haina baridi ya Kericho. Basi katika Juni na Julai, usiku unapopoa kidogo, mimi hupunguza maji na kungoja. Mvumilivu hula mbivu. Mwenye klivia huona ua.

Sasa, msomaji, ondoka barazani uje nami ufukoni mwa Dunga. Huko utaona ua jingine, la rangi ya urujuani, lenye doa la manjano kama jicho. Nalo ni zuri, pengine kuliko klivia. Jina lake ni gugumaji. Kwao ni bonde la Amazon, Amerika ya Kusini. Watu walilipenda kwa uzuri wake, wakalieneza katika nchi nyingi ili lipambe madimbwi ya bustani. Lilipoponyoka katika madimbwi, halikuwakuta maadui wa kwao wa kulizuia. Mto Kagera ulilibeba hadi Ziwa Viktoria, na kufikia mwaka wa 1990 lilikuwa limekwisha kuonekana upande wa Kenya. Mwaka wa 1998 lilifunika karibu hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Mashua zilifungwa ufukoni kana kwamba zimetiwa minyororo, nyavu zikapotea chini ya majani, na samaki wakakosa hewa. Nyumba iliyotegemea samaki ililala njaa kwa sababu ya ua.

Mwaka wa 1997 wataalamu walikuwa wamekwisha kuleta fukusi wadogo wa asili ya Amerika ya Kusini ili waule mmea huo. Gugumaji lilipungua sana baada ya hapo, lakini halikwisha. Hata leo upepo ukigeuka hulisukuma tena hadi ufukoni.

Katika maua haya mawili hakuna lililo ovu. Gugumaji halina kosa kwa kuota, kwa maana kuota ndiyo kazi ya mmea. Tofauti imo katika mpaka na katika mkono wa mpandaji. Kwa sababu hiyo, mwenye kupanda ua nyumbani ana wajibu kwa jirani asiyeliona. Asitupe mimea asiyoitaka katika mitaro iendayo ziwani. Asiache maji katika kisahani chini ya chungu, maana ua lake litakuwa kitalu cha mbu wa mtaa mzima. Klivia nayo ina sumu katika mizizi, majani na matunda yake mekundu. Basi aiweke mbali na mikono ya watoto na midomo ya mbuzi.

Kwa hiyo yule aulizaye kama ua laliwa hakosei kuuliza. Ua halituwii deni la chakula. Lakini mwenye ua ana deni la kuhakikisha kuwa furaha ya macho yake haipunguzi chakula cha mtu mwingine. Akililipa deni hilo, na apande.