Imran Aliuliza, Sisi Twaona Haya

Imran bin Huswayn (r.a.), sahaba wa Mtume (s.a.w.), alikuwa na bawasiri. Twalijua hilo kwa kuwa alikwenda mwenyewe kuuliza vipi asali na maradhi hayo. Jibu alilopewa, kwamba asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu, limo katika Sahihi ya Imam Bukhari, na hadi leo ni msingi wa hukumu ya sala ya mgonjwa. Darasani huikimbilia hukumu, tukamsahau muulizaji. Mtu wa heshima alitaja ugonjwa wa mahali pa siri, umma mzima ukanufaika.

Hapa Tukuyu mambo ni kinyume. Kwa kuwa ni katibu wa kamati ya msikiti, mimi ndiye niombwaye viti vya kusalia, na kila aombaye husema ni magoti. Baridi ya Rungwe hubebeshwa lawama. Mzee wetu mmoja aliyetaja magoti hakuweza hata kukikalia hicho kiti. Alikuwa na jipu kando ya njia ya haja kubwa, na kwa siku sita alipaka dawa ya bawasiri aliyouziwa mtaani. Alipofikishwa hospitali lilipasuliwa siku ile ile, na ndipo akagundulika kuwa ana kisukari.

Kwetu kila maumivu ya huko huitwa bawasiri, ilhali bawasiri ya ndani mara nyingi haiumi: hutoa damu nyekundu tu wakati wa choo. Ya nje ndiyo iumayo ghafla, damu ikiganda ndani yake na kuvimba kama zabibu. Maumivu ya kukata kama wembe wakati wa choo, kisha yakaendelea kuwaka hata saa nzima, aghalabu ni mchaniko wa ngozi uletwao na choo kigumu. Jipu hupwita usiku na mchana, mara nyingi pamoja na homa. Hilo halina mafuta ya kupaka. Dawa yake ni kupasuliwa. Pakibaki kitundu kivujacho usaha na kuchafua nguo ya sala, hiyo ni fistula, nayo huhitaji daktari wa upasuaji.

Bawasiri na mchaniko huanza kutibiwa nyumbani. Kunywa maji, ambayo katika baridi yetu huyasahau. Kula maharage, mboga na hizo parachichi tunazozipakia kwenye malori. Kalia beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Usikawie chooni. Na katika kustanji, wenye wasiwasi wanaosugua kwa sabuni mara tano huchubua ngozi na kujiletea muwasho. Maji na mkono mwepesi vyatosha. Mwezi wa Ramadhani, maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari hadi daku, na dawa za kuingiza kwa nyuma ziwekwe usiku, kwani kwa madhehebu yetu ya Kishafii hubatilisha saumu.

Maumivu ya kupwita, homa, au damu nyingi isiyokoma, usingoje kesho: nenda Makandana au Igogwe. Vivyo hivyo usikae na damu iliyochanganyika na choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au mwili unaokonda bila sababu, hasa ukivuka miaka 40. Saratani ya utumbo mpana hujificha nyuma ya jina hilohilo la bawasiri, na wengi huenda Mbeya wamechelewa.

Akina mama wajawazito na waliojifungua karibuni hupatwa sana na maradhi haya, na ndio wanyamazao zaidi. Mafakihi wameruhusu kumfunulia tabibu sehemu ya siri kwa kiasi cha haja. Mama aombe daktari au muuguzi wa kike. Akikosekana, mumewe au dada yake aombe kuwa naye chumbani. Uchunguzi wenyewe huchukua dakika chache.